Tulivyoingojea Figo ya Kushoto

Siku moja nilimtoa daktari wa upasuaji kwenye arusi ya dada yake, sahani ya pilau ikiwa bado mapajani, kwa sababu ya uji. Naanza na hiyo mapema ili msiisikie kwa watu wengine, maana huku Embu bado inasimuliwa, na kila msimuliaji huitia chumvi. Mimi nitaisema bila chumvi. Aibu iliyomo inatosha mboga nzima.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya skani mnanikuta nimeshastaafu, nimekaa kwangu Gachoka na kuku wangu na stuli yangu ambayo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuikalia. Mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikaingia hospitali moja ya mjini kama mtu wa kusukuma wagonjwa hadi chumba cha eksirei, nikafundishwa polepole, nikapelekwa kozi, na mwishowe nikakabidhiwa altrasaundi. Unampaka mgonjwa jeli, unapitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi, na ya ndani yanaonekana kwenye kioo. Nyama huonekana kijivu. Maji huonekana meusi. Shikeni hilo la maji, kwa sababu maneno yangu yote leo ni ya maji.

Basi, figo ni mbili, ziko kwa mgongo, moja kila upande. Kila moja ina mrija mwembamba wa kushusha mkojo hadi kwenye kibofu. Kwa mwanamke, mrija huo unapita karibu sana na nyumba ya mtoto. Daktari akimtoa mwanamke nyumba hiyo kwa sababu ya uvimbe, sindano yake inashona jirani kabisa na mrija, na mara moja moja, hata mkono uwe mzuri namna gani, uzi unaushika. Mkojo ukikosa njia unarudi juu. Figo inajaa, inatanuka, katikati yake inakuwa nyeusi kwenye kioo. Isipofunguliwa mapema inakufa, na inaweza kufa bila kelele, mwenyewe akidhani alilala vibaya.

Hilo ndilo nililokuwa nimefundishwa, na nilikuwa nalitafuta kwa hamu kama kuku anavyotafuta mchwa. Akaletwa mama mmoja wa Runyenjes, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji siku chache kabla. Nikaweka mashine mgongoni kulia, nikaona weusi katikati ya figo. Nikaenda kushoto, weusi. Pande zote mbili! Nikamwambia mama asitikisike hata kidogo, nikakimbilia simu, nikampigia Daktari Mutwiri, ambaye ndiye aliyemfanyia upasuaji, nikamwambia mirija yote miwili imefungwa.

Alikuja na suti na ua kwenye mfuko wa koti. Akakitazama kioo kwa muda mfupi. Kisha akamuuliza mama, kwa upole, kama amekwenda choo.

Mama akasema, "Daktari, nimebanwa tangu nilale hapa. Huyu aliniambia nisitikisike."

Mnajua jinsi sisi tunavyotembelea mgonjwa. Kina mama wa kanisa hawaji mikono mitupu. Asubuhi hiyo walikuwa wamefika wodini kila mmoja na termosi yake ya ucuru, ule uji wetu wa mawele uliochacha, na mgonjwa hawezi kunywa wa huyu akaacha wa yule. Kufanya hivyo ni kutangaza vita kanisani. Mama wa Runyenjes alikuwa amekunywa wa wote. Kibofu kilikuwa kimejaa kama mpira wa shule, na kibofu kikijaa hivyo, mkojo unasimama kwenye foleni hadi juu na figo zote mbili zinatanuka kidogo. Akaenda choo, akarudi, nikamwekea mashine tena, na figo zikawa safi kama mahindi mabichi. Daktari alirudi arusini akakuta sufuria zimeoshwa. Mimi kuanzia siku hiyo nikaitwa Daktari wa Ucuru, na wapishi wa hospitali ndio waliolipenda jina hilo kuliko wote.

Kwa hivyo la kwanza kabla hata hujaiwasha mashine: mgonjwa aende choo. Ukiona figo imetanuka, aende tena, na umpime tena.

Lakini sikuwaita hapa mnicheke tu. Nataka niwaambie kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwa macho haya, na ili mkielewe lazima kwanza niwapeleke mji wa Maua.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa kubwa kama friji na ilionyesha kijivu na nyeusi peke yake. Nyinyi leo mnatembea na mashine inayoingia mfukoni na kuchomekwa kwenye simu, mnadhani dunia ilianza hivyo. Ilipoletwa ile yenye rangi, ambayo inaonyesha kitu kinachotembea ndani ya mwili, nilitumwa Maua nikafundishwe. Mimi, ambaye nikilala kitanda kisicho changu naota nimepotea. Mke wangu alinifungia nguo na chapati kama mtu anayekwenda vitani. Na Maua, bwana, ni mji usiojua neno kungoja. Miraa inachumwa, inafungwa, inapakiwa, na pikapu zinaondoka kwa mbio za kukutoa roho, kwa sababu majani yakinyauka hayana mnunuzi Nairobi. Hata mwenye kuuza chai anakumiminia huku akitazama mteja wa nyuma yako.

Katikati ya mbio hizo nilimkuta mwalimu wangu, Kawira, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mtulivu kama jiwe la mtoni. Alinionyesha jinsi ya kumwangalia mgonjwa kwenye kibofu, si kwenye figo peke yake. Anakunywa maji kiasi, kibofu kinajaa kidogo tu, unaweka kichwa cha mashine chini ya kitovu, unafungua rangi, halafu unatuliza mkono. Figo haimwagi mkojo kama bomba. Inaurusha. Mkojo ukitoka kwenye mrija unaingia kibofuni kwa mruko mmoja, na kwenye kioo unaona kijimshale chekundu kinawaka ndani ya ule weusi, kisha kinazima. Upande wa kulia, kimya, upande wa kushoto, kimya, mara pande zote pamoja. Ukikiona kijimshale kikiruka kwa nguvu, njia iko wazi upande huo. Usipokiona upande mmoja, baada ya kungoja vizuri, na figo ya upande huo imevimba, tafuta daktari.

Mimi nilikuwa nahamisha mkono kila mara, nakifukuza kijimshale huku na huku. Kawira akaniwekea mkono wake juu ya wangu.

"Mzee, usikitafute," akasema. "Wewe kaa. Kitakupata."

Kikanipata. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mtoto aliyeona garimoshi. Mtu amelala hapo, hajui lolote, anafikiria ng'ombe wake, na ndani yake kuna moto mdogo unawaka na kuzima, kulia, kushoto, tangu azaliwe. Kawira alinitania kwamba nilikuja Maua nikililia nyumbani na sasa nimekataa kutoka chumbani. Hakukosea. Ila wiki ya mafunzo ilipoisha nilipanda gari la kwanza la kurudi.

Sasa njooni kwa Mama Ireri.

Mama Ireri ni mkulima wa ndengu kutoka Kiambere, kule chini kwenye bwawa la umeme. Daktari Mutwiri alimtoa nyumba ya mtoto kwa sababu ya uvimbe uliomtoa damu hadi akawa mweupe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mpira wa mkojo ukatolewa, akawa anakwenda choo mwenyewe, mkojo mwingi, msafi. Homa hana. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani kina mama wa kanisa lake walikuja kumchukua na pikapu yenye godoro nyuma, wakakaa kwenye nyasi za hospitali wakiimba nyimbo za shukrani.

Daktari alipita wodini kumuaga, akamwona anavyoketi. Alikuwa ameegemea upande mmoja, mkono uko kiunoni kushoto. Daktari akamuuliza. Mama akasema si kitu, ni kitanda cha hospitali. Alikuwa na ndengu shambani zimeanza kukauka kwenye maganda, na mwanamke mwenye ndengu zilizokauka haumwi. Daktari akamtuma kwangu, apigwe skani ndipo aende.

Akaenda choo. Nikampima. Figo ya kulia safi. Figo ya kushoto, nyeusi katikati.

Nikamwambia aende choo tena. Sista mmoja aliyekuwa mlangoni akaguna tu, na nilijua anafikiria uji. Mama akarudi, nikampima, weusi uko palepale, tena kushoto peke yake. Nikamnywesha maji, tukakaa, tukazungumza habari za mvua hadi kibofu kikapata kitu kidogo, nikafungua rangi na kutuliza mkono. Kulia ikawaka. Kulia tena. Nikangoja. Kulia. Nikasikia wale kina mama nje wamemaliza wimbo wakaanza mwingine. Kulia.

Hapa, wajukuu zangu, ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo kazi hii ilipotaka kunishinda. Mkono wangu ulikuwa umeshaandika kwenye majibu kwamba figo imetanuka kidogo, arudi baada ya wiki mbili. Maneno mazuri, laini, hayamsumbui mtu. Hakuna atakayeitwa kutoka popote, hakuna atakayenicheka. Na mama ataondoka na wimbo hadi Kiambere, barabara ile ya vumbi, avune ndengu, na kwa vile figo ya kulia inafanya kazi ya mbili ataendelea kukojoa vizuri, na kila mtu atamwambia kwamba anayekojoa vizuri ni mzima. Wiki mbili zingekuwa mwezi, kama tujuavyo. Angerudi na figo moja, kama angerudi.

Nikayafuta yale maneno, nikampigia daktari. Nikamwambia figo ya kushoto imevimba.

Akauliza, "Amekwenda choo?"

"Mara mbili. Mara ya pili nilimsindikiza hadi mlangoni."

"Nakuja."

Akaja, akavuta kiti, tukakaa wawili tukitazama kioo kama watu wanaotazama mpira. Yeye anajua tumbo la mtu kuliko ninavyojua shamba langu, na alijua ni nini anachongojea. Kulia ikawaka. Tukangoja. Kulia. Nilianza kuomba moyoni kwamba nimekosea tena, niitwe jina lingine lolote la uji wapendalo, bora kushoto iwake. Haikuwaka.

Daktari akavua miwani. "Huo ni uzi wangu," akasema, na akamwambia mama hivyohivyo, uso kwa uso, kwamba wakati wa kushona inaonekana mrija umeshikwa, kwamba hutokea, kwamba ni lazima afunguliwe tena leo, maana siku zikipita figo haiwezi kuokolewa.

Mama Ireri akakataa. Hakupiga kelele. Alianza tu kutafuta viatu vyake. Akasema mtu akifunguliwa mara mbili huwa hatoki, na kwamba anakojoa vizuri kuliko sisi sote tuliomo chumbani. Daktari akaeleza tena. Mimi nikaeleza. Tulieleza hadi tukaanza kujirudia, mama amevaa kiatu kimoja.

Kisha akaacha kile cha pili na kunigeukia. "Baba, kama ni mwili wangu, mbona nyinyi ndio mnaoutazama?"

Miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kumgeuzia mgonjwa kioo isipokuwa mjamzito. Nikakigeuza. Akalala tena, nikaweka mashine, nikamwonyesha kibofu chake, na nikamwambia atazame pande zote mbili asubiri nami. Kulia ikawaka. Akashtuka, akaguna kwa furaha, kama mimi nilivyofanya Maua. Ikawaka tena. Akaniuliza ya kushoto iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo tunayoingojea. Akaukodolea macho upande wa kushoto bila kupepesa. Kisha nikampeleka juu kwenye figo yenyewe, nikamwonyesha ule weusi uliotanuka, nikaanza kutafuta maneno ya kumfafanulia, na hakuyahitaji.

"Mimi ni wa Kiambere," akasema. "Wakifunga milango ya bwawa tunayaona maji yakipanda mpaka yanameza mashamba, na chini mto unabaki mawe. Hiyo naijua." Akavua kiatu. "Fungueni."

Kazi ya kuwaambia wale waliokuwa kwenye nyasi nikaachiwa mimi. Kiongozi wao, mama mrefu mwenye kofia ya kushonwa, alinisikiliza hadi mwisho, halafu akataka kujua kama mimi ndiye yule wa ucuru aliyesimuliwa hadi kanisani kwao. Nikakubali. Akawageukia wenzake akawaambia basi itabidi waombe kwa bidii zaidi. Wakateremsha godoro kwenye pikapu, wakaliweka chini ya ukuta, wakaliketia, wakaomba kwa Kimbeere, kwa Kiswahili, na kwa kimya.

Walimfungua. Uzi ulikuwa umeushika mrija kweli. Daktari akaukata, akaweka kijimrija chembamba ndani ya ule mrija ili ubaki wazi hadi upone, na Mama Ireri akatoka, yule aliyesema mtu hatoki, akaenda nyumbani siku kadhaa baadaye juu ya godoro lilelile. Ndengu alivuniwa na kina mama.

Lakini hatukujua bado. Mrija ukiumia unaweza kupona na kovu likauziba tena. Kwa hivyo miezi miwili baadaye, kijimrija kilipokuwa kimetolewa, alirudi kwangu. Safari hii chumba kilijaa. Daktari alikuja na kusimama ukutani. Yule sista wa mlangoni alikuja. Mpishi mmoja alikuja, sijui nani alimwita. Mama akalala, akakishika kioo mwenyewe akakigeuza kumwelekea, bila kuniuliza.

Figo ya kushoto ilikuwa imenywea, karibu sawa na mwenzake. Hiyo ilikuwa nzuri. Nikashuka kwenye kibofu, nikafungua rangi, nikatuliza mkono. Kulia ikawaka. Kulia. Kidole kilitaka kuhama, na nikakiambia kikae.

Na ikawaka kushoto.

Jamani! Kijimshale chekundu, chenye nguvu, kikakata kibofu kizima kwenda upande wa pili. Niliruka, nikapiga chupa ya jeli ikaenda kwenye viatu vya daktari, na daktari hata hakutazama chini. Ikawaka tena. Mama Ireri alikuwa ananyoosha kidole, machozi yanamtiririkia masikioni kwa sababu amelala chali, anasema hiyo, hiyo, hiyo. Mpishi alinikumbatia na mikono yenye harufu ya vitunguu. Nimeona mapacha kwenye kile kioo, nimeona moyo wa mtoto ukianza kupiga, lakini sijaona kitu kilichonipa furaha kama mkojo wa yule mama.

Kwa hivyo mtakaposhika hizo mashine zenu za mfukoni, msikimbilie kupiga picha na kutuma. Pasheni jeli moto kidogo mikononi, mgonjwa si samaki. Tazameni figo zote mbili hata kama mmeombwa moja. Msidanganywe na mfuko wa mkojo uliojaa kando ya kitanda, figo moja inaweza kuujaza. Na msidanganywe na figo ambayo haijavimba ikiwa mgonjwa analalamika siku ya kwanza, pengine haijapata muda wa kuvimba, mpimeni tena. Mkiwa na shaka, semeni mna shaka, tena kwa sauti.

Mwaka huu baada ya mavuno Mama Ireri alipita hapa kwangu na gunia la ndengu begani, kabeba mwenyewe. Tulikuwa tumekaa na jirani yangu Nthiga, ambaye tulisoma naye darasa moja na ambaye huja kila siku kuangalia kama nimefanya kazi yoyote. Akataka kujua huyu mama ananilipia nini. Nikasimama. Nikamchorea kwa fimbo kwenye vumbi, figo mbili, mirija, kibofu, uzi, nikamwonyesha jinsi tulivyongoja, jinsi ilivyowaka upande wa kulia peke yake, na jinsi siku ile ya mwisho ilivyowaka kushoto, na Mama Ireri akawa anajifuta macho na kitenge. Nthiga alitafuna majani yake ya muguka pole pole. Akautazama mchoro, akamtazama Mama Ireri, akanitazama mimi.

"Kwa hivyo miaka yote ile ulipokuwa unatupita hapa na koti jeupe bila salamu," akasema, "ulikuwa unatoka kutazama watu wakikojoa."